Ukianza Skii, Usinunue Kilomita

Matangazo ya skii katika milima ya Alps huuza kilomita. Avoriaz, upande wa Ufaransa, imeungana na vijiji vingine vya eneo la skii la Portes du Soleil hadi ndani ya Uswisi, na njia zote za eneo hilo zinakaribia kilomita 600. Anayevaa viatu vya skii kwa mara ya kwanza hatamaliza hata mbili. Siku za mwanzo atazimalizia kwenye kimteremko kinacholingana na uwanja wa mpira, akipandishwa na zulia linalotembea, akianguka, akiinuka, akitafuta glavu.

Kwa hiyo tiketi ya eneo zima ni hela ya kutupa. Uliza kama ipo tiketi ya lifti za wanagenzi pekee. Vijiji kadhaa vya Ufaransa hata haviwatozi. Unachookoa mpe mwalimu. Mume kumfundisha mkewe skii ni njia ya mkato ya kununiana wiki nzima.

Jambo la pili ni umbali kutoka kitandani hadi kwenye theluji. Mita 400 barabarani si kitu, mpaka uzitembee na viatu vigumu kama ndoo, skii jozi mbili begani na mtoto wa miaka mitano anayelilia choo.

Hapo Avoriaz inanivutia. Iko kwenye mita 1,800 hivi, magari hayaingii, mizigo hubebwa na sleji za farasi, na theluji iko mlangoni. Shule ya watoto iliyoanzishwa na Annie Famose, mshindi wa medali mbili za Olimpiki ya Grenoble mwaka 1968, iko katikati ya kijiji, kwa hiyo unaweza kumchungulia mwanao bila yeye kukuona. Malazi mengi ni vyumba vidogo vyenye jiko. Nunua mchele na nyama Morzine, bondeni, kabla ya kupanda. Sahani nne za mchana mlimani, kwa siku sita, ndizo zinazotoboa mfuko.

Serfaus ya Austria iko chini zaidi, mita 1,400 na ushee. Tangu 1985 ina treni ya chini ya ardhi, ya bure, inayoelea juu ya hewa kutoka maegesho hadi kwenye lifti. Watoto wangu waliipenda kuliko skii yenyewe. Kijiji chenyewe ni ghali, ila hoteli nyingi zinakupa na chakula cha jioni, na mama mpishi naye anapumzika. Mwenye bajeti finyu aende Avoriaz, lakini aikwepe Februari, likizo za shule za Ufaransa zinapofululiza wiki nne. Januari baada ya Mwaka Mpya bei hushuka.

Nguo azima. Viatu kodi hukohuko, na usiondoke dukani kabla ya kuvijaribu: ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo.