Uamsho wa Wales na Funzo Lake Kwetu



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaoishi ugenini tuna majirani Wakristo, na aghalabu mazungumzo yetu nao hayapindukii habari za mvua na siku ya kutoa taka. Jirani yangu hapa Wales ni bibi aliyekwisha pita miaka 80. Kila Jumatano jioni humwona akitoka na mkoba wake kwenda kanisani, jengo kubwa la mawe lenye nafasi ya mamia ya watu. Siku moja nilimsaidia kubeba viti, nikamwuliza wanakutana kwa jambo gani. Akanijibu kwamba wako watano tu, wote wazee, na kwamba wanamwomba Mungu awaletee uamsho kama ule wa mwaka 1904.

Niliporudi nyumbani nilianza kuisoma habari hiyo, nikaona yafaa niwafikishie nanyi. Itikadi yao si yetu, na makala haya hayakukusudia kujadili itikadi. Lakini wahenga wetu walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

UAMSHO NI NINI?

Kwa Wakristo wa Kiprotestanti, neno uamsho lina maana mahsusi. Ni kuhuishwa imani ya watu ambao tayari ni waumini kwa jina: waliolala waamke, watubu, warejeshe haki za watu, na waonje tena utamu wa ibada. Hapo ndipo na walio nje ya kanisa huvutwa kuingia. Wao huamini kwamba jambo hilo ni tunu itokayo kwa Mungu, wala halipatikani kwa hila za binadamu. Kazi ya mja ni kuliomba, hata kama ni kwa miaka mingi.

Muislamu hatalishangaa jambo hili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba imani huchakaa moyoni kama inavyochakaa nguo, na kwamba kila kipindi cha miaka 100 Allah (s.w.t.) huuletea umma huu wa kuihuisha dini yake. Kwa hiyo hamu ya bibi yule sisi twaielewa, japokuwa njia zetu ni mbali mbali.

YALIYOTOKEA MWAKA 1904

Mtu anayetajwa zaidi katika habari hii ni Evan Roberts, aliyezaliwa mwaka 1878 katika kijiji cha Loughor, kusini mwa Wales. Tangu udogoni alifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Alisimulia mwenyewe kwamba aliomba uamsho kwa miaka kama 10 kabla ya kuuona. Mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 26, aliingia chuo cha maandalizi ya wahubiri katika mji wa Newcastle Emlyn. Baada ya wiki chache tu akahisi kwamba hana budi kurudi kwao azungumze na vijana wenziwe. Jumatatu tarehe 31 Oktoba, ibada ya kawaida ilipokwisha katika kanisa la Moriah, waliobaki kumsikiliza walikuwa 17.

Aliwataka mambo manne: waungame kila dhambi wanayoijua, waache kila jambo lenye shaka, watii mara moja wanapoongozwa na Roho, na waikiri imani yao hadharani. Msomaji hatakosa kuona kwamba hilo la kuacha lenye shaka tumelelewa nalo na sisi.

Hakuwa peke yake, kwani mapema mwaka huo moto ulikwisha washwa miongoni mwa vijana wa mji wa New Quay. Lakini kuanzia Loughor habari zilienea bonde kwa bonde. Wachimba makaa walitoka kazini wakaingia makanisani na masizi yao, na mikutano ikaendelea hadi usiku wa manane. Madeni ya zamani yalilipwa, na walevi wakaacha vilabu. Zipo mahakama ambazo mahakimu walipewa glavu nyeupe, kama ilivyokuwa desturi, kuwa ni ishara kwamba hakuna kesi ya kusikilizwa. Husimuliwa pia kwamba farasi wadogo waliovuta mikokoteni mgodini walitatizika, kwa sababu walizoea kuamrishwa kwa matusi, na sasa waendeshaji wao hawatukani tena. Inakisiwa kwamba watu wapatao 100,000 waliingia katika makanisa ya Wales kwa muda mfupi huo.

KWA NINI MOTO ULIFIFIA?

Mwaka 1906 afya ya Evan Roberts ilivunjika kwa uchovu, akaenda kukaa Leicester katika nyumba ya marafiki. Miaka yake iliyobaki aliishi kwa ukimya hadi alipofariki mwaka 1951. Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 viliwafagia vijana wengi. Baadaye kazi za migodini ziliporomoka, na watu wakahama kutafuta riziki. Leo makanisa mengi ya Wales yamefungwa. Mengine yamegeuzwa nyumba za kupangisha na mengine maghala. Katika sensa ya mwaka 2021, watu wa Wales waliosema hawana dini walikuwa asilimia 46.5, nao waliojiita Wakristo asilimia 43.6.

Nilimwuliza bibi yule yeye anaona sababu ni nini. Hakutaja vita wala migodi. Alitaja lugha. Makanisa yale yaliomba, yakaimba na kufundisha kwa Kiwelshi. Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Wales walikizungumza. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 17.8 tu. Watoto walisomeshwa skuli kwa Kiingereza, wakacheza kwa Kiingereza, wakafikiri kwa Kiingereza, kisha Jumapili wakaketishwa mbele ya maneno yasiyowafika.

"Wangu walihifadhi vizuri sana," aliniambia. "Walihifadhi wasiyoyafahamu. Walipokuwa wakubwa wakaondoka, wala hatukugombana."

Kisha akaniuliza kama watoto wetu, awaonao wakienda madrasa na mikoba yao, wanayafahamu wanayoyasoma. Nikamjibu kwa haraka kwamba wanasoma vizuri. Akatikisa kichwa, hakusema neno. Nakiri kwamba usiku ule jibu langu halikuniridhisha mwenyewe.

WALOKOLE WA KWETU

Wasomaji waliokulia Afrika Mashariki wanawajua walokole. Jina hilo limetokana na neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka. Nao pia ni tunda la maombi ya uamsho. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa na kiu ya kuhuishwa imani, wakakaa pamoja kusoma na kuomba. Katika miaka ya 1930 uamsho ukatokea Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Uamsho huo ulidumu vizazi kadhaa. Yapo mambo mawili yanayofaa kuzingatiwa. Kwanza, waliambatanisha toba na vitendo: aliyeiba alirudisha, na aliyekosana na mwenziwe alikwenda kumwomba radhi. Pili, walikutana kila wiki katika vikundi vidogo, watu wa kawaida pamoja, kila mmoja akieleza hali ya moyo wake kwa lugha anayoisema nyumbani kwake.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, hatuna upungufu wa dua. Misikiti yetu hujaa mwezi wa Ramadhani, na akina mama zetu hulia usiku wakiwaombea watoto wao. Dua hizo hazipotei. Lakini katika Sura ya Ar-Raad tumefunzwa kwamba Allah habadilishi hali ya watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Basi na tujiulize tumebadilisha nini.

Mtoto wetu husoma Qur'ani kwa Kiarabu, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwani hayo ni maneno ya Mola wetu. Hufasiriwa kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho ni amana ya wazee wetu tusiyotaka ipotee. Lakini maswali yaliyomo kifuani mwake huja kwa Kiingereza, na aghalabu hapana wa kumjibu. Akiuliza kwa nini tunasali, huambiwa, "Nyamaza, usiulize sana." Atanyamaza kweli, na siku atakayoondoka ataondoka kwa kunyamaza.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, madrasa zetu zitenge walau nusu saa kila wiki ya kumweleza mtoto maana ya alichohifadhi, kwa lugha anayoifahamu, na ya kusikiliza maswali yake bila ya kumkaripia. La pili, nyumbani tusiache kusema Kiswahili na watoto wetu, ili tafsiri ya maalim isije ikawa ngeni masikioni mwao kama kilivyokuwa Kiwelshi kwa watoto wa bibi yule. La tatu, sisi wazazi tuanze na nafsi zetu. Mtoto anayemwona baba yake akilipa deni la zamani, au akimtaka radhi jirani, hahitaji tafsiri.

Jumatano iliyopita nilimwona tena bibi akivuka barabara chini ya mvua na mkoba wake. Mmoja katika wale watano amefariki. Sasa wamebaki wanne. Nilimwambia kwamba swali lake tumelichukua na tutalizungumza katika mkutano wa wazazi wa madrasa yetu. Akafurahi, akasema nimletee habari.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) azihuishe nyoyo zetu, na awajaalie watoto wetu wafahamu kabla hatujaondoka sisi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.