Mgeni yupi apewe tuzo?

Juma hili tuuache mpira wa miguu upumzike. Twende Boston, Marekani, mji wenye vyuo vikuu viwili ambavyo tangu zamani havipikiki chungu kimoja: Boston College na Boston University. Ugomvi wao mkubwa ni hoki ya barafuni. Mwaka 2024 ugomvi huo ulipata swali ambalo hata mtu asiyewahi kuona barafu nje ya jokofu anaweza kulishika: kati ya vijana walioingia chuoni msimu huo, nani alistahili kuitwa mchezaji mpya bora?

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Kila timu huingiza watu sita, mmoja wao golikipa. Huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma chini, wakipiga kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Jirani zetu wa Nairobi wanaujua. Timu yao ya Ice Lions ilipelekwa Kanada mwaka 2018 ikacheza pamoja na nyota Sidney Crosby. Lakini jambo la kukumbuka leo ni hesabu ya pointi. Anayefunga bao hupata pointi moja. Aliyempa pasi hupata moja. Na yule aliyempa pasi huyo mtoa pasi, naye hupata moja. Bao moja basi laweza kuzaa pointi tatu, na karani wa mchezo haulizi nani kati ya hao watatu alitoka jasho.

Sasa washtakiwa wetu wawili. Wa kwanza ni Will Smith wa Boston College, ambaye hana undugu na yule mcheza sinema. Katika mechi 41 alipata pointi 71: mabao 25 na pasi za mabao 46. Hapakuwa na mchezaji yeyote wa chuo chochote Marekani aliyempita msimu huo, awe wa mwaka wa kwanza au wa mwisho. Na timu hizo mbili zilipokutana katika fainali ya ligi yao, Hockey East, Boston College ilishinda 6-2. Mabao manne kati ya hayo sita alifunga Smith peke yake.

Wa pili ni Macklin Celebrini wa Boston University, mzaliwa wa Vancouver, Kanada. Yeye alipata pointi 64 katika mechi 38: mabao 32, pasi 32.

Kwa hesabu ya dukani kesi imekwisha, 71 ni zaidi ya 64. Hata ukigawa kwa idadi ya mechi, Smith bado yuko mbele kidogo. Lakini tuzo zilikwenda kwa Celebrini. Hockey East ilimpa tuzo ya mchezaji mpya bora na papo hapo ile ya mchezaji bora wa ligi nzima. Kisha akapewa Hobey Baker, tuzo kubwa kuliko zote katika hoki ya vyuo, inayotolewa tangu mwaka 1981. Katika miaka yote hiyo, hadi 2024, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioipata ni wanne tu: Paul Kariya wa Maine mwaka 1993, Jack Eichel mwaka 2015, Adam Fantilli wa Michigan mwaka 2023, na huyu Celebrini, aliyekuwa na umri wa miaka 17. Hajapata kutokea mdogo kuliko yeye.

Watu wa Boston College walikasirika, na mimi siwalaumu. Mtu wako anaongoza nchi nzima, halafu unaambiwa hata darasani kwake si wa kwanza!

Hata hivyo, hebu tuzichambue hizo pointi 71. Smith hakuingia chuoni peke yake. Aliingia na Ryan Leonard na Gabe Perreault, wote wa mwaka wa kwanza, na wote watatu walikuwa wamecheza safu moja katika kikosi cha vijana cha taifa msimu uliotangulia. Walijuana kama vidole vya mkono mmoja. Leonard alimaliza na pointi 60, Perreault naye 60. Sasa nani alimbeba nani? Pasi 46 zahitaji mtu wa kuzifunga, na Smith alikuwa nao wawili aliokwisha kuwazoea. Celebrini alitoka timu nyingine ya vijana, Chicago Steel, akaanza kujifunza wenzake upya. Tusidanganyane lakini: nyuma yake alikuwapo Lane Hutson, beki hodari kweli kweli. Hakuwa yatima.

Halafu kuna umri, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Smith alitimiza miaka 19 msimu ukielekea ukingoni. Celebrini alibaki wa miaka 17 mwanzo hadi mwisho. Kwa mtu mzima mwaka mmoja na ushei si kitu. Kwa kijana ambaye mifupa bado inakomaa, anayegongana ukutani na wanaume wa miaka 23 na 24, ni kitu kikubwa. Na hao wawili walikuwa karibu karibu. Vijana wengi huko humaliza shule ya sekondari, wakaenda kwenye ligi za vijana, wakacheza mpaka miaka 20, ndipo wakaingia chuoni. Kwa kitabu cha msajili wa chuo, kijana wa miaka 21 na mtoto wa miaka 17 wote ni wa mwaka wa kwanza. Tuzo hufuata kitabu cha msajili.

Ligi ya kulipwa ya NHL ilikwisha kuungua kwa moto huu. Mwaka 1990 tuzo yao ya mchezaji mpya, iitwayo Calder, ilichukuliwa na Sergei Makarov wa Calgary. Huyu mgeni alikuwa Mrusi wa miaka 31, mwenye medali mbili za dhahabu za Olimpiki nyumbani! Sheria ikabadilishwa: aliyekwisha kutimiza miaka 26 kufikia Septemba 15 ya msimu huo hahesabiwi tena kuwa mpya. Miaka kumi kabla yake mambo yalikuwa kinyume. Wayne Gretzky alipata pointi 137 katika msimu wake wa kwanza wa NHL, akiwa hajafika miaka 20, akanyimwa kwa sababu alikuwa amecheza katika ligi nyingine ya kulipwa. Calder ya mwaka huo, 1980, akapewa beki Ray Bourque.

Lipo pia jambo ambalo wabishi wengi wa Boston walilipita bila kuligusa. Golikipa wa Boston College msimu huo, Jacob Fowler, naye alikuwa wa mwaka wa kwanza. Alidaka katika ushindi 32. Golikipa hapati pointi kwa kuzuia, kwa hiyo jina lake halimo katika ile orodha inayobandikwa ukutani. Tuseme Smith angeumia: Boston College ingebaki na Leonard, na Perreault, na Cutter Gauthier wa mwaka wa pili aliyefunga mabao 38. Je, angeumia Fowler? Fainali ya taifa ilichezwa St. Paul mwezi Aprili, Denver ikashinda 2-0. Fowler alifungwa mawili. Washambuliaji wote wale, pamoja na pointi zao, hawakupata hata moja la kufutia machozi.

Mwaka uliofuata, 2025, waandishi wanaopigia kura Calder walionyesha kwamba kura hutazama zaidi ya mabao. Smith na Celebrini walikuwa wamekwisha kuvaa jezi moja, ya San Jose Sharks. Celebrini aliingia tatu bora, akawa wa tatu. Wa pili alikuwa golikipa, Dustin Wolf. Wa kwanza alikuwa yule yule beki, Lane Hutson.

Mimi kura yangu ya mwaka 2024 ningempa Celebrini, na sababu yangu ni mabao 32 aliyoyafunga mwenyewe, saba zaidi ya Smith, katika mechi tatu pungufu, akiwa na miaka 17. Wa pili ningemweka Fowler. Smith wa tatu. Najua nitaandikiwa barua.

Lakini swali hili sasa limekuwa gumu kuliko lilivyokuwa Boston. Zamani aliyekanyaga moja ya ligi kuu tatu za vijana za Kanada alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, kwa kuwa huko hupewa posho na baadhi yao huwa wamekwisha kutia saini mikataba na klabu za NHL. Mlango wa vyuo ukafungwa usoni pake. Novemba 2024 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliamua kuufungua, kuanzia Agosti 1, 2025. Mmoja wa walioingia ni Gavin McKenna, aliyekwenda Penn State akiwa na miaka 17, baada ya kupata pointi 129 katika mechi 56 huko Kanada. Huyo angalau alikuwa bado mtoto. Kwa mlango huo huo anaweza kupita mwingine wa miaka 20, aliyecheza misimu minne ya mechi zaidi ya 60 kila mmoja, mbele ya viwanja vilivyojaa, naye akaandikwa mgeni sawa na kijana aliyetoka shule jana.

Ningekuwa na sauti katika ligi zile, nisingeanza na kikomo cha umri kama NHL, maana kijana aliyesubiri mpaka miaka 21 apate nafasi chuoni hajafanya kosa lolote. Ningeagiza karatasi ya kura ichapwe upya. Kando ya kila jina, kabla ya pointi, iandikwe tarehe ya kuzaliwa na idadi ya mechi alizocheza kabla ya kuingia chuoni. Na majina ya magolikipa yachapwe juu.