Injini ya rota inapokunywa maji, usisafishe kabla ya kusoma alama

GARI aina ya Mazda RX-8 linapopunguza maji ya rejeta bila tone kuonekana chini, mwenyewe huambiwa upesi kwamba gasketi ya hedi imeungua. Haiwezekani, kwani injini hiyo haina hedi.

Injini ya rota ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na Mazda imeiuza tangu 1967, ilipotoa Cosmo Sport. Haina pistoni wala vali. Katika RX-8, rota mbili za pembe tatu huzunguka ndani ya maganda mawili ya aluminiamu, nayo yamebanwa kati ya mabamba matatu ya chuma cha kusubu kwa bolti ndefu zinazopenya kutoka nyuma hadi mbele.

Kila ganda linapokutana na bamba pana pete mbili za mpira. Ya nje huzuia maji yasimwagike. Ya ndani huyazuia yasiingie katika chumba cha mwako. Hii ya ndani ndiyo yenye balaa. Aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma, hivyo injini ikichemka pete hupondwa na kukakamaa.

Dalili huanza mapema: moshi mweupe usiokoma asubuhi, plagi yenye unyevu, na mapovu kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Fundi makini hung'oa plagi, akajaza rejeta shinikizo la hewa na kutazama iwapo maji yatachuruzika kupitia matundu ya plagi.

Injini ikishafunguliwa, kosa kubwa ni kukimbilia petroli na brashi. Uchafu huo ndio ushahidi. Kila kipande kitiwe alama ya mahali pake na kupigwa picha kwanza.

Rota iliyokuwa ikipata maji mara nyingi huwa na uso mweupe, kana kwamba imeoshwa, kwa sababu mvuke huondoa masizi. Mwenzake hubaki mweusi tititi. Kwenye bamba, michirizi ya kutu huonyesha maji yalikopita. Ifuatwe kuelekea ukingoni hadi kwenye pete. Aghalabu pete huwa imebapa au kukatika upande wa plagi, palipo na joto kali zaidi.

Wengi huishia hapo, wakanunua pete mpya. Lakini pete hulala katika mfuo, na kati ya mfuo huo na moto pana ukuta mwembamba tu. Tangu 1986 injini za 13B zina mfuo huo kwenye mabamba ya chuma. Ukuta ukiwa na ufa, au ukiwa umeliwa na kutu, mpira mpya hauna pa kuegemea na maji yatarudi kuvuja. Bamba hilo libadilishwe. Aidha, lipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka: likipinda zaidi ya milimita 0.04 halifai kurudishwa jinsi lilivyo.

Kisha itafutwe sababu ya kuchemka, iwe rejeta iliyoziba au maji ya mfereji yasiyotiwa dawa ya kuzuia kutu.

Utengenezaji wa RX-8 ulikoma 2012, na Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari makuukuu yaliyozidi miaka minane. Yaliyomo nchini ni ya umri huo. Mwenye gari aombe kuonyeshwa mabamba yenyewe, mfuo kwa mfuo, kabla ya kukubali bolti zikazwe tena.