Mlima Nao ni Alama ya Kumtambua Chura

Anayetaka kumtambua chura mdogo wa msituni huanza na rangi, na hapo ndipo anapopotea. Vyura wa jenasi ya Callulina, wakazi wa milima ya Tao la Mashariki, karibu wote ni wa kahawia, na hata ndugu wa spishi moja hawalingani weusi. Kwa miongo mingi walihesabiwa kuwa spishi moja tu, Callulina kreffti. Mwaka 2004 yule wa Usambara Magharibi alitengwa, akaitwa C. kisiwamsitu, mwaka 2009 yule wa Taita, Kenya, akawa C. dawida. Leo zinatambuliwa spishi 9.

Mmulike usiku akiwa juu ya kichaka: mwili mdogo wa mviringo, ngozi ya vipelevipele, miguu mifupi isiyo na utando kati ya vidole, na mwendo wa kutambaa taratibu badala ya kuruka. Hayo yanakufikisha kwenye jenasi. Ukitaka spishi, tazama ncha za vidole: kwa C. kreffti zimepanuka na kuwa bapa, ilhali kwa C. kisiwamsitu upana huo ni mdogo. Angalia pia kama kiwambo cha sikio kinaonekana, kisha usikilize mlio wa dume. Halafu, na hili ndilo ninalolisisitiza, uliza uko mlima gani. Vyura hawa hawana kiluwiluwi cha kuogelea. Mayai hutagwa nchi kavu, kwenye unyevu wa sakafu ya msitu. Msitu wa mvua wasipokuwa nao hawaishi, na tambarare kavu zinazotenganisha milima hawazivuki. Ndiyo maana milima iliyotengana imelea vyura waliotengana.

Atakuja mtu aseme huku ni kuzunguka palepale: ukimpa chura jina kwa mlima wake, utamgunduaje mgeni? Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa Upare Kusini pekee wapo C. shengena na C. stanleyi. Kwa hiyo mahali papunguze orodha, kisha mwili na mlio viamue. Visipokubaliana na mahali, huyo ndiye chura wa kuchunguzwa zaidi. Wengine watasema vinasaba vimemaliza ubishi. Ni kweli vimesaidia sana kuwatenganisha, lakini maabara haiko msituni, na sampuli haijipeleki: lazima awepo mlinzi wa msitu mwenye tochi, anayejua kwamba huyu si yule wa kawaida.

Nao ubishi huu wa majina una gharama. Chura wa Taita angeendelea kuitwa kreffti, kutoweka kwake kungeonekana hasara ndogo, maana Usambara wangebaki wengine wa jina hilohilo. Kwa jina lake mwenyewe, hana kwingine: ana mabaki ya msitu kama Ngangao, Mbololo na Chawia, yaliyozungukwa na mashamba.