Pittsburgh na viwanja vyake: mtoni, mlimani, kisha mtoni tena

Tarehe 4 Julai 1902, Wamarekani wakisherehekea uhuru wao, mto Allegheny ulivunja kingo na kuingia uwanjani. Maji yalituama upande wa nyuma, kule wanakosimama wadakaji wa mbali, na siku hiyo Pittsburgh Pirates walikuwa na mechi mbili za besiboli dhidi ya Brooklyn. Hakuna aliyeahirisha. Walikubaliana tu kwamba mpira ukitua majini mpigaji atapewa kituo kimoja, basi, wakacheza.

Uwanja huo, Exposition Park, ulikuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto, katika mji wa Allegheny uliokuja kumezwa na Pittsburgh mwaka 1907. Majukwaa yake yalikuwa ya mbao. Hata hivyo, mwaka 1903 ndipo zilipochezwa mechi nne za fainali ya kwanza kabisa ya World Series, Pirates wakilala kwa Boston, mechi tano kwa tatu.

Mwenye timu, Barney Dreyfuss, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyewahi kufanya kazi ya ukarani wa hesabu katika kiwanda cha pombe kali huko Kentucky, alichoshwa na matope. Kwa msaada wa tajiri wa chuma Andrew Carnegie alipata ardhi katika mtaa wa Oakland, mbali na katikati ya mji, na watu wakamcheka: nani atafunga safari mpaka huko kutazama mpira? Alijenga kwa chuma na zege, akamaliza kwa takriban miezi minne. Forbes Field ilipofunguliwa tarehe 30 Juni 1909, zaidi ya watu 30,000 walifika. Pirates walifungwa na Chicago Cubs, 3 kwa 2, lakini msimu haukuisha kabla hawajatwaa ubingwa.

Hapa msomaji aliyelelewa na kandanda anahitaji kuelezwa jambo moja. Katika besiboli, umbali kati ya kituo na kituo umewekwa na sheria, mita 27 na ushei, lakini ukuta wa mbali kila mji huujenga kwa umbali wake. Ndiyo maana viwanja vina tabia. Forbes Field ilikuwa pana kupita kiasi. Kuna pembe ambapo ukuta ulikuwa mita 139 kutoka alipo mpigaji, na wahudumu waliona nafasi ni kubwa mno hata wakawa wanahifadhi humo humo kizimba cha mazoezi huku mechi inaendelea. Ungedhani warushaji walineemeka. Cha ajabu, katika miaka 61 ya uwanja huo hakuna mrushaji wa ligi kuu hata mmoja aliyemaliza mechi bila kupigwa pigo halali.

Matukio yake ni mengi. Agosti 1921 kituo cha KDKA kilitangaza kutoka hapo mechi ya kwanza ya ligi kuu kusikika redioni. Mei 1935 mpigaji maarufu Babe Ruth, mwili umeshachoka, alivusha ukuta mipira mitatu kwa siku moja, wa mwisho ukiruka juu ya paa. Hakuvusha mwingine tena maishani. Na tarehe 13 Oktoba 1960, mechi ya saba ya fainali ikiwa 9 kwa 9, Bill Mazeroski wa Pirates aliuvusha ukuta mpira uliowazika New York Yankees.

Hizo ndizo kumbukumbu ambazo mji unazitunza. Mimi uwanja ninaouonea uchungu ni mwingine.

Kabla ya 1947 ligi kuu ilikuwa ya Wazungu peke yao. Timu za weusi ziliweza kukodi Forbes Field, lakini vyumba vya kubadilishia nguo vilifungwa kwao. Gus Greenlee, mfanyabiashara mweusi wa mtaa wa Hill, mwenye klabu ya muziki ya Crawford Grill na utajiri uliotokana na bahati nasibu haramu ya namba, aliamua kukata mzizi wa fitina. Alijenga uwanja wake mwenyewe Bedford Avenue, kwa gharama inayotajwa kuwa dola 100,000, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Fedha yenyewe ilikuwa ya magendo, kweli, ila sijui ni benki gani ya mwaka 1932 ingemkopesha mtu mweusi kiasi hicho. Greenlee Field ilikuwa na viti 7,500, na timu yake, Pittsburgh Crawfords, ilikuwa na Satchel Paige, Josh Gibson, Cool Papa Bell, Oscar Charleston na Judy Johnson. Wote watano leo wamo katika ukumbi wa heshima wa besiboli. Siku ya ufunguzi walifungwa 1 kwa 0. Viwanja vipya vya Pittsburgh vina mkosi huo.

Uwanja uliishi miaka sita. Mwaka 1937 nyota kadhaa, Paige akiwa mbele, walihamia Jamhuri ya Dominika kuchezea timu ya dikteta Trujillo, na mapato ya Greenlee yakapukutika. Mwaka 1938 uwanja ulibomolewa kupisha nyumba za umma za Bedford Dwellings. Gibson alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajauvunja ukuta wa rangi wa ligi kuu.

Forbes Field nayo ilifuata. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kiliichukua ardhi, na Julai 1970 Pirates walirudi ng'ambo ya mto, karibu kabisa na ilipokuwa Exposition Park. Uwanja wao mpya, Three Rivers Stadium, ulikuwa duara la zege lenye nyasi bandia, lililotumiwa pia na timu ya futiboli ya Kimarekani, na lilifanana na wenzake wa Cincinnati na St. Louis kiasi cha kutotofautishwa. Umbo halikuzuia historia. Tarehe 1 Septemba 1971 Pirates walianza mechi na wachezaji tisa, wote weusi au Walatino, jambo ambalo ligi kuu haikuwahi kuliona. Mwaka uliofuata Roberto Clemente wa Puerto Rico alifikisha pigo lake la 3,000, kisha akafa katika ajali ya ndege tarehe 31 Desemba akiwapelekea msaada waathirika wa tetemeko Nicaragua.

Baruti iliuangusha uwanja huo Februari 2001. Mrithi wake, PNC Park, yuko hatua chache tu, amegeukia mto na majengo marefu ya mji. Ukuta wake wa kulia una futi 21, namba ya jezi ya Clemente, na siku za mechi daraja lenye jina lake hufungwa magari ili mashabiki wavuke kwa miguu. Wengi hukiita kiwanja kizuri kuliko vyote Marekani, nami sibishi. Lakini mwaka 1997 wapiga kura wa eneo hilo waliulizwa kama waongezewe kodi ya mauzo ili viwanja vijengwe, wakakataa. Viongozi wakatafuta njia nyingine ya kutumia fedha za umma, na ujenzi ukaendelea. Mechi ya ufunguzi Pirates walifungwa 8 kwa 2, na walipakodi wakasubiri mpaka 2013 kuiona timu yao ikimaliza msimu imeshinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza.