Wadudu katika Sanaa ya Chapa: Utangulizi

Somo hili linahusu wadudu waliochongwa, wakapakwa wino na kuchapwa karatasini, na mlango wake uko karibu na nyumbani. Lwakhakha, mpakani mwa Kenya na Uganda, mvua ikishanyesha kumbikumbi hutoka vichuguuni, huruka kidogo, kisha hupukutisha mabawa. Watu huwakusanya na kuwakaanga. Makumbusho ya Kitale nayo yalitokana na mkusanyo wa Hugh Stoneham, mpenzi wa viumbe, wadudu wakiwemo, aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Mlaji anamjua mdudu kwa ladha na majira. Mkusanyaji anamjua kwa jina na umbo. Mchapaji anapaswa kumjua kwa kila mstari wa mwili wake.

Ujuzi huu ni wa kale. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha Micrographia, ambamo kiroboto alijaza ukurasa wa kukunjua. Maria Sibylla Merian alisafiri hadi Suriname mwaka 1699. Mwaka 1705 akatoa picha 60 za mabamba ya shaba, zikimwonyesha kiwavi hadi kipepeo juu ya mmea anaoula. Japani, mwaka 1788, Kitagawa Utamaro alitoa kitabu cha wadudu kilichochapwa kwa mbao na rangi. Mwaka 2010 Damien Hirst akatoa The Souls, mfululizo wa chapa za vipepeo.

Kwa nini mdudu na chapa hupatana? Mwili wa mdudu ni pingili, viungo na mishipa ya bawa. Anayechonga ubao au lino huondoa kila sehemu itakayobaki nyeupe. Kilichoinuka ndicho kinachoshika wino. Hawezi kuchonga bawa la kumbikumbi bila kuamua kila mshipa unapita wapi. Tena ubao mmoja hutoa nakala nyingi, kwa hiyo unafaa kueleza viumbe wa makundi, kama nzige walioingia Kenya mwishoni mwa 2019.

Msingi tunao. Peterson Kamwathi wa Kenya alichonga fahali ili kuzungumzia siasa ya nchi. Fred Mutebi wa Uganda huchapa kwa mbao picha za rangi nyingi. Mdudu anastahili heshima hiyohiyo.

Basi anza na unayemjua. Mwokote kumbikumbi mmoja kabla ya kikaango, mchore, mchonge, mchape. Kisha soma kurasa zinazofuata ukiwa na wino mikononi.