Je, Wajua? Riziki ya Wacheza Pool wa Kulipwa
Mwaka 2024, mjini Jeddah, Saudi Arabia, Fedor Gorst alitwaa ubingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa, yaani aina ya mchezo ambayo mchezaji hulazimika kuugonga kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyosalia mezani, na akazawadiwa dola 250,000 kati ya dola milioni moja zilizogombewa na wachezaji 128. Mgawanyo huo ndio unaoeleza hali halisi, kwa kuwa robo nzima ilikwenda kwa mtu mmoja, ilhali mchezaji anayetolewa mapema, kama hana mdhamini, hujilipia mwenyewe nauli, malazi na ada ya kujiandikisha.

Ushindi wenyewe nao si hakikisho la malipo. Mwaka 2006, Efren Reyes wa Ufilipino alishinda mashindano ya mipira minane mjini Reno, Marekani, ambayo mshindi wake aliahidiwa dola 500,000, lakini waandaaji, International Pool Tour, walishindwa kulipa zawadi kwa wakati. Ndiyo maana wachezaji wengi huchanganya zawadi na udhamini wa watengenezaji wa vijiti vya kuchezea, kufundisha kwa malipo, na hata michezo ya dau, yaani mapambano ya faragha ambayo kila upande huweka fedha, desturi ambayo haijausaidia mchezo huu kujijengea heshima. Kwa kulinganisha, snuka, mchezo wa jamii hiyohiyo wenye meza kubwa zaidi, humpa bingwa wake wa dunia pauni 500,000.